Sabufa nzuri hupimwa kwa sauti ya chini

Zilipendwa zilizotengenezwa upya zinaingia sebuleni kupitia spika tano na boksi la besi. Kuzipima ni kazi ya masikio, na katika nyumba nyingi masikio ya mtoto ndiyo yaliyo karibu zaidi na spika.

Kasulu/Kibondo. Sabufa huuzwa kwa namna moja karibu kila mahali. Muuzaji huichomeka kwenye umeme, huchagua wimbo wenye besi nzito, kisha huzungusha kitufe mpaka vioo vya kabati vinatetemeka. Mteja husikia kifua kikidunda, hutabasamu, halafu huanza kuulizia bei.

Mkoa wa Kigoma, uliotegemea majenereta ya dizeli kwa miaka mingi, ulianza kupata umeme wa gridi ya taifa Oktoba 2022. Umeme ukiwapo, redio ya betri yenye spika moja hupata mwenzake sebuleni: sabufa yenye spika mbili, tatu au tano, na tundu la kuchomeka flashi. Ndani ya flashi hiyo mara nyingi kuna zilipendwa za Mbaraka Mwinshehe, Marijani Rajab au Mlimani Park Orchestra, na baadhi zimeandikwa kwamba zimesafishwa, ni rimiksi au ni za spika tano.

Hapo ndipo ubishi huanza. Baba anasema wimbo umekuwa mtamu kuliko zamani. Babu anasema wameuharibu. Kijana anataka besi iongezwe. Mama anaomba sauti ipunguzwe kwa sababu mtoto amelala. Kila mmoja ana hoja, na upo utaratibu rahisi wa kuwaamua bila kugombana. Utaratibu huo huo unalinda masikio ya watoto, na unaweza hata kumgundua mtoto mwenye tatizo la kusikia kabla halijamharibia masomo.

Spika moja, mbili, tano

Redio ndogo ya mkulima hutoa sauti kutoka sehemu moja tu. Mwimbaji, gitaa na ngoma vyote vinapita kwenye spika hiyo hiyo. Mafundi huita mtindo huo mono. Stirio ina njia mbili, kushoto na kulia, hivyo gitaa moja linaweza kusikika upande huu na jingine upande ule.

Namba zinazoandikwa kwenye maboksi ya sabufa zinahesabu njia hizo. Iliyoandikwa 2.1 ina spika mbili na boksi moja la besi. Iliyoandikwa 5.1 ina spika tatu za mbele, mbili za nyuma na boksi moja la besi. Namba iliyo baada ya nukta ni boksi la besi. Mpango wa 5.1 unakusudia msikilizaji akae katikati, muziki umzunguke kama aliyesimama ndani ya bendi.

Wazo hili si geni. Katika miaka ya 1970 kampuni za Ulaya na Marekani zilitoa santuri za kusikilizwa kwa spika nne. Albamu ya The Dark Side of the Moon ya kundi la Pink Floyd, iliyotoka mwaka 1973, ilichanganywa kwa spika nne na Alan Parsons, aliyekuwa fundi wake wa studio. Miaka 30 baadaye, mwaka 2003, ikatoka upya kwa spika tano na boksi la besi, safari hii kwa mkono wa fundi mwingine, James Guthrie. Wapenzi wa muziki wa roki bado wanabishana ni ipi iliyo bora, kama babu na baba wanavyobishana juu ya Marijani.

Mfano wa karibu zaidi na nyumbani unamhusu mtoto wa Unguja. Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen, alizaliwa Zanzibar Septemba 5, 1946, na jina lake la kuzaliwa lilikuwa Farrokh Bulsara. Albamu ya kundi lake, A Night at the Opera, ilitoka mwaka 1975, na mwaka 2002 ikatolewa tena katika mpango wa 5.1. Ndani yake kuna wimbo Bohemian Rhapsody, ambao waimbaji watatu walirudia kurekodi sauti zao mara nyingi mpaka wakasikika kama kwaya nzima. Kwa kuwa sauti hizo zilirekodiwa kwa njia mbalimbali za kanda, fundi wa baadaye aliweza kuzigawa: nyingine mbele, nyingine nyuma ya msikilizaji.

Maharage yaliyokwisha kuungwa

Kwa nini jambo hilo ni gumu kwa zilipendwa za Tanzania? Jibu liko jikoni.

Mpishi ambaye bado ana kitunguu, nyanya, nazi na maharage katika vyombo tofauti anaweza kupika upya kwa namna anayotaka. Lakini maharage yakishaungwa, hakuna anayeweza kurudisha kitunguu kwenye kisu. Atakachoweza ni kuongeza chumvi, kuongeza maji au kuyapasha moto.

Queen na Pink Floyd waliacha viungo vyao katika vyombo tofauti. Studio zao zilikuwa na kanda zenye njia nyingi, mwimbaji njia yake na ngoma njia yake. Nyimbo nyingi za muziki wa dansi zilirekodiwa katika studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam huku bendi ikipiga kwa pamoja, na kilichobaki kwenye kanda ni mchuzi uliokwisha kuiva. Ustadi ulikuwa kwa wanamuziki wenyewe na kwa fundi aliyejua kipaza sauti kikae wapi.

Kwa hiyo mzazi anapouziwa wimbo wa aina hiyo kwa jina la rimiksi ya spika tano, ajue kwamba mara nyingi kilichofanyika ni kimoja kati ya haya: programu ya kompyuta imesambaza sauti ile ile kwenye spika zote na kuongeza mwangwi, besi imepandishwa, au sauti ya wimbo mzima imenyanyuliwa. Sabufa yenyewe nayo inaweza kufanya hivyo mtumiaji akibonyeza kitufe kimoja cha rimoti.

Siku hizi teknolojia imesogea. Kompyuta inaweza kufundishwa kuitambua sauti ya mtu ndani ya mchanganyiko na kuitenga. Ndivyo ilivyofanyika kwa wimbo Now and Then wa The Beatles, uliotolewa mwaka 2023: sauti ya John Lennon, aliyefariki mwaka 1980, ilitolewa kwenye kaseti ya zamani iliyokuwa na kinanda kilichoifunika. Kazi hiyo inahitaji fundi mwenye muda na sikio zuri. Faili iliyopitishwa haraka kwenye programu ya simu haiwezi kulinganishwa nayo.

Mwenye redio ya spika moja asijione amenyimwa kitu. Redio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995, imesikika kwenye redio za aina hiyo Kibondo na Kasulu kwa miaka mingi, na ujumbe umefika. Hata Marekani, Brian Wilson wa The Beach Boys alikuwa karibu kiziwi kabisa wa sikio la kulia, na albamu yake maarufu ya Pet Sounds ya mwaka 1966 aliichanganya kwa mono. Matoleo ya stirio yalifuata miaka ya 1990, lakini wapo wanaoona lile la mwanzo halijapitwa. Wingi wa spika hauongezi utamu wenyewe.

Hila ya sauti kubwa

Kabla ya kuhukumu wimbo, ni vizuri kujua jinsi sikio linavyodanganywa.

Mwaka 1933 watafiti wawili wa Marekani, Harvey Fletcher na Wilden Munson, walionyesha kwamba sikio la binadamu halisikii sauti zote kwa usawa. Muziki ukiwa chini, sikio hupoteza besi kwanza na kwa kiasi fulani zile sauti nyembamba sana. Muziki ukipanda, besi na sauti nyembamba hurudi. Ndiyo maana wimbo ule ule, kutoka flashi ile ile, huonekana kamili zaidi ukifunguliwa kwa nguvu.

Wauzaji wa sabufa wanalijua hilo kwa uzoefu. Wanaotengeneza rimiksi wanalijua pia. Ukiwekewa matoleo mawili ya wimbo mmoja na moja likawa juu kidogo, karibu kila mtu atachagua lile la juu na kuapa kwamba ni safi zaidi. Hajasikia usafi. Amesikia ukubwa.

Hukumu ya haki basi inaanza kwa kulinganisha ukubwa. Cheza toleo la zamani, weka sauti ya mwimbaji iwe kama ya mtu anayezungumza nawe sebuleni. Kisha cheza toleo jipya na upunguze mpaka mwimbaji awe pale pale. Mtu mmoja ashike rimoti, wengine wageuke wasione kinachochezwa. Watoto hupenda sana kazi ya kushika rimoti.

Maswali sita ya kuamua ubishi

Baada ya sauti kulingana, familia ijiulize maswali haya.

Kwanza, maneno yanasikika? Muziki wa dansi ni hadithi. Kama kwa sauti ya mazungumzo huwezi kufuata kisa cha mwimbaji, toleo hilo limeharibiwa hata kama besi yake inatikisa bati.

Pili, magitaa yanatengana? Bendi nyingi za dansi zina gitaa la solo, la ridhimu na la besi. Chagua moja na ulifuate kwa dakika nzima. Katika toleo zuri utalifuata bila kulipoteza. Katika toleo baya yote yamekuwa uji.

Tatu, besi ni noti au ni mgurumo? Mpiga besi wa zamani alipiga noti zinazopanda na kushuka, unaweza kuziimba kwa mdomo. Rimiksi iliyopandishwa besi ovyo hutoa dunda lile lile kila mara, wimbo wowote utakaouweka.

Nne, sehemu tulivu imebaki tulivu? Nyimbo nyingi za dansi huanza taratibu kwa maimbo, kisha huingia chemko ambapo magitaa na matarumbeta hupamba moto. Toleo lililonyanyuliwa sauti hufanya mwanzo na chemko viwe sawa. Hapo wimbo umenyang'anywa safari yake.

Tano, spika za nyuma zinafanya kazi gani? Kaa katikati. Kama nyuma yako kuna kitu chenye maana, kwa mfano waitikiaji au mwangwi wa ukumbi, ni sawa. Kama mwimbaji yule yule anakuimbia kisogoni na usoni kwa wakati mmoja, zima spika za nyuma usikilize tena. Mara nyingi wimbo utapumua.

Sita, baada ya nusu saa unatamani kuendelea? Sauti kali iliyochujwa vibaya huchosha kichwa. Msikilizaji hujikuta akitafuta kisingizio cha kutoka nje. Uchovu huo ni ushahidi kama ushahidi mwingine.

Wimbo unaofaulu maswali haya kwa sauti ya chini utafaulu pia ukipandishwa kidogo siku ya sherehe. Unaopendeza kwa sauti kubwa tu umefeli mtihani.

Kinachotokea ndani ya sikio

Sauti ikiingia sikioni hugonga ngoma ya sikio. Ngoma hiyo hutikisa vifupa vitatu vidogo, navyo hupeleka mtikisiko kwenye kiungo kilichojisokota mfano wa konokono, chenye majimaji ndani. Humo mna chembe hai zenye vinyweleo vidogo sana, takriban 15,000 katika kila sikio. Zinapoyumba, hutuma taarifa kwenye ubongo na mtu husema amesikia.

Chembe hizo kwa binadamu hazioti tena zikifa. Sauti kubwa huzichosha, na ikirudiwa huziua. Aliyetoka kwenye sherehe masikio yakilia na kuziba, kisha akaamka asubuhi yakiwa sawa, asifikiri hakuna kilichotokea. Masikio yametoa onyo.

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida huwa karibu desibeli 60. Kipimo hiki hakipandi kama kilo za mahindi: kila desibeli 10 zinazoongezeka humaanisha nguvu ya sauti imekuwa mara 10. Kwa hiyo kupandisha kitufe kidogo tu kunaweza kuwa jambo kubwa kwa sikio.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mtu mzima anaweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa mtoto kiwango kinachoshauriwa ni desibeli 75 kwa saa hizo hizo 40. Sauti ikipanda, muda hupungua haraka. Kwa mtoto, desibeli 80 ni saa 12 na nusu kwa wiki. Desibeli 85 ni saa nne. Desibeli 90 ni saa moja na robo, kwa wiki nzima. Jumamosi moja ya sabufa iliyofunguliwa kwa nguvu inaweza kumaliza mgao wa mtoto kabla chakula cha jioni hakijaiva.

Shirika hilo linakadiria kwamba vijana zaidi ya bilioni moja duniani, wenye umri wa miaka 12 hadi 35, wako katika hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza muziki kwa sauti isiyo salama.

Waliotengeneza muziki wa roki wenyewe ni mashahidi. Pete Townshend, mpiga gitaa wa The Who, amezungumza kwa miaka mingi juu ya kupungua kwa usikivu wake na mlio usiokoma masikioni. Eric Clapton alisema hadharani mwaka 2018 kwamba naye anasumbuliwa na mlio wa aina hiyo. Mwaka 2016 Brian Johnson wa AC/DC aliacha ziara ya kundi lake katikati baada ya madaktari kumwonya kwamba akiendelea anaweza kuwa kiziwi kabisa. Watu hawa waliishi kwa masikio yao.

Sebule ya tofali na bati

Sebule nyingi za Kasulu na Kibondo zina kuta za tofali, sakafu ya saruji na paa la bati. Vyote hivyo hurudisha sauti badala ya kuimeza. Pazia zito, mkeka, kapeti na makochi ya kitambaa husaidia kuimeza, na wimbo husikika vizuri zaidi bila kuongeza kitufe.

Mahali pa kuweka spika pana maana kuliko bei. Za mbele ziwe usawa wa masikio ya aliyekaa, ziangalie kochi. Za nyuma ziwe nyuma au pembeni mwa kochi, chini kidogo kwa sauti kuliko za mbele. Boksi la besi likiwekwa kwenye kona ya kuta mbili hupandisha mgurumo, kwa hiyo lisogezwe kutoka kona. Waya zipite ukutani, mbali na mtoto anayetambaa.

Kosa linaloonekana mara kwa mara ni mtoto mdogo kulazwa au kukaa sakafuni jirani na boksi, mara nyingine akiwa ameliegemea kwa sababu anapenda mtetemo. Watu wazima wako kwenye kochi mita tatu mbali na wanaona sauti ni ya wastani. Aliye karibu na spika anapokea sauti kubwa kuliko wao. Kipimo cha nyumba kichukuliwe pale alipo mtoto.

Hakuna haja ya kununua mashine ya kupimia. Simama pale anapokaa mtoto, mwenzako awe umbali wa mkono ulionyooshwa, mzungumze. Ukilazimika kupaza sauti ili akusikie, muziki uko juu mno. Programu za simu za kupima kelele zinaweza kusaidia, ila majibu yake ni makadirio.

Jambo jingine linahusu umeme kukatika. Sabufa nyingine hurudi na sauti ile ile iliyoachwa. Umeme ukikatika wakati wa chemko na ukarudi usiku wa manane, mtoto huamshwa kwa mlipuko. Kabla ya kulala, chomoa sabufa au shusha kitufe.

Mtoto anayesema ongeza

Mtihani wa sauti ya chini una faida nyingine.

Familia ikisikiliza kwa sauti ya mazungumzo na wote wakayafuata maneno ya wimbo isipokuwa mtoto mmoja, hilo si la kupuuza. Anayesogelea spika kila mara, anayegeuza sikio moja, anayesema "ongeza" wakati wengine wameridhika, anayejibu jambo ambalo hakuulizwa, au anayeitwa mara tatu ndipo ageuke, huenda hasikii vizuri. Nyumbani huitwa mkaidi. Darasani lenye wanafunzi wengi, akikaa nyuma, huitwa mzito.

Muziki si chanzo pekee wala chanzo kikuu cha tatizo hili kwa watoto. WHO inasema karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu utotoni unatokana na mambo yanayoweza kuzuilika. Yamo maambukizi ya sikio yanayotoa usaha, surua, homa ya uti wa mgongo, matatizo wakati wa kuzaliwa na baadhi ya dawa. Nta iliyoziba nayo inaweza kumfanya mtoto asisikie, na hiyo huondolewa na mhudumu wa afya kwa muda mfupi.

Mzazi anayeona dalili hizo ampeleke mtoto kituo cha afya au hospitali ya wilaya aangaliwe masikio. Asimwagie mafuta, mafuta ya taa wala maji ya majani sikioni, na asichokoe kwa njiti. Usaha unaotoka sikioni unahitaji matibabu hata kama mtoto halii. Tatizo likihitaji uchunguzi zaidi, mtaalamu atatoa rufaa. Nchini Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili imekuwa ikipandikiza vifaa vya usikivu kwa watoto tangu mwaka 2017, na kadiri mtoto anavyogunduliwa mapema ndivyo anavyopata nafasi nzuri zaidi ya kujifunza kusema.

Wazee nao wasisahaulike. Kadiri umri unavyosonga, sikio hupoteza kwanza sauti nyembamba: vyuma vya ngoma, kayamba, herufi kama s na f. Babu anaposema toleo jipya limefunikwa, huenda rimiksi ni mbaya kweli, na huenda ni masikio yake. Na anapoamuru sauti ipandishwe, wajukuu walio karibu na spika ndio wanaoulipia upungufu huo. Dawa ni kumsogeza babu kwenye kochi lililo karibu na spika ya mbele na kuwasogeza watoto nyuma. Kisha naye apelekwe kupimwa.

Makubaliano ya nyumbani

Familia iliyofanya jaribio la matoleo mawili inaweza kumaliza siku kwa makubaliano machache.

Tia alama kwenye kitufe cha sauti kwa rangi ya kucha, mahali ambapo watu wawili walio umbali wa mkono bado wanaongea bila kupaza sauti. Hapo ndipo mwisho wa siku za kawaida. Kwa sabufa zinazoonyesha namba, namba hiyo iandikwe kwenye kikaratasi na kubandikwa juu yake, na mtoto wa shule ya msingi apewe kazi ya kuilinda. Watoto husimamia sheria ya namna hii kwa ukali kuliko wazazi.

Kila baada ya saa moja ya muziki, masikio yapewe mapumziko. Kwenye harusi na sherehe nyingine, watoto wasikalishwe mbele ya spika kubwa za mshereheshaji. Ukumbi una viti vya nyuma.

Anayekwenda kununua sabufa aende na flashi yenye wimbo anaoujua tangu utoto. Amwombe muuzaji ashushe sauti mpaka wawili hao waweze kuzungumza bei bila kupaza, kisha asikilize kama maneno ya wimbo yanafika. Baadhi ya wauzaji watashangaa. Sabufa ambayo haipitishi sauti ya mwimbaji dukani kwa kiwango hicho haitaipitisha nyumbani.

Na wimbo wa zamani, ule wenye mikwaruzo na spika moja, usifutwe kwenye flashi baada ya kupata rimiksi. Bila huo, siku ya ubishi hakutakuwa na cha kulinganisha.